Tupeni Wa Kutufunga!

Najua nimepotea humu wiki mbili nzima, naombeni radhi. Test tatu mfululizo, kazi ya kikundi ambayo kwenye karatasi tulikuwa sita ila tuliofanya ni wawili (mnajijua, teh teh), halafu umeme wa huku Kijenge Juu nao ukaamua kunikomesha. Leo nimerudi, na nimerudi na la moyoni. Mwenye nafasi atafute kimbweta akae, manake leo naongea.

Si mnajua mie nacheza kikapu? Sawa, "nacheza" ni neno kubwa. Mie ni pointi gadi wa akiba wa timu ya wadada, yaani kazi yangu kubwa ni kushangilia nikiwa nimevaa jezi, na kuingia pale dada kapteni anapokuwa na faulo nne. Lakini michango nalipa kama wengine, mazoezi ya saa 11 jioni naenda kama wengine, na hata baridi ya mwezi wa sita haijawahi kunizuia. Kwa hiyo nina haki ya kusema.

Alhamisi iliyopita ikabandikwa orodha kwenye ubao wa matangazo. Mechi za kirafiki kabla ya mashindano ya vyuo. Nikaisogelea kwa furaha kabisa. Upande wa wakaka kuna mechi tatu. Mbili na shule za sekondari za hapa mjini, ya tatu safari ya Nairobi kucheza na chuo kimoja ambacho timu yake ipo ligi kuu ya Kenya. Upande wa wadada kuna mechi moja. MOJA! Na sekondari moja ya hapa karibu, tena mbele yake mtu kaandika kwa kalamu, "ya kuwapa moyo."

Du! Nilisoma mara mbili. Nikamwita rumeti wangu naye asome, nikidhani macho yangu yana matatizo. Hayana.

Jumatano saa 10 jioni kuna mkutano wa timu zote mbili na Mheshimiwa Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi. Nitasimama pale, ila mie nikisimama mbele ya watu huwa natetemeka na maneno yanakimbia. Ndiyo maana naandika hapa kwanza. Mkisoma mkaniunga mkono, Jumatano hata nikitetemeka mtakuwa mnajua nilitaka kusema nini.

Hoja yangu ni fupi. Mpinzani wa mechi ya kirafiki achaguliwe kwa kuangalia atatufundisha nini. Mechi hizi si za kukusanya ushindi na wala si za kutembea. Kwa kipimo hicho orodha yote ni mbovu, ya wakaka na ya wadada. Ya wadada ni rahisi mno. Ya wakaka inaanza rahisi mno, halafu inaruka ghafla hadi juu mno.

Tuanze na wenzetu walioifanya hii kitu kuwa sayansi. Wamarekani kwenye vyuo vyao wana utaratibu mzuri. Msimu unaanza Novemba, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Desemba timu nyingi zinacheza na wapinzani wa nje ya ligi yao. Kuanzia Januari ndipo wanaingia kwenye ligi yenyewe, kila wiki wanakutana na wale wale wanaojuana. Sasa zile mechi za ligi kocha hapangi, anapangiwa. Za nje ya ligi anapanga mwenyewe, anapiga simu, anabembeleza, anakubaliana. Kwa hiyo ukitaka kujua kocha anawaonaje wachezaji wake, angalia amewatafutia nani kwenye ile miezi miwili.

Na huko kuna mbinu za kila aina. Vyuo vikubwa vinavilipa vyuo vidogo makumi ya maelfu ya dola vije vifungwe nyumbani kwao. Chuo kidogo kinapokea kipigo na hundi, kinarudi kwao kulipia gharama za mwaka mzima. (Sisi hata maji ya kunywa tunachanga, jamani.) Lakini kamati inayochagua timu za mashindano makubwa ya mwezi Machi haidanganyiki kirahisi, inaangalia umeshinda mangapi NA umecheza na nani. Ukijaza wapinzani dhaifu, ushindi wako unapungua thamani.

Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet amepita kwenye mfumo huo huo. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2 na sentimita 20 na ushee, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Machi 2008 timu yake ilitolewa raundi ya kwanza kabisa na San Diego, timu ambayo wengi hawakuwa wanaifikiria, kwa pointi 1 tu, 70 kwa 69, baada ya muda wa nyongeza. Msimu uliofuata, kabla ya ligi yao ya Big East kuanza, wakaenda hadi visiwa vya Virgin kwenye mashindano, wakaifunga Wisconsin kwenye fainali. Desemba 2008 wakavuka nchi nzima hadi Seattle kucheza na Gonzaga, wakabanwa mpaka muda wa nyongeza, wakashinda. Machi ilipofika walipita raundi zote hadi wakawa kati ya timu nne za mwisho, wakatolewa na Michigan State. Na Juni 2009 Hasheem akachaguliwa wa pili kwenda NBA, na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Siwezi kusema yote hayo yalitokana na mechi ya Seattle. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemlinda na wapinzani wagumu eti asije akavunjika moyo.

Nyingine hii, naipenda sana. Desemba 23, 1982, Honolulu. Chuo cha Virginia, namba moja Marekani nzima, hawajafungwa, wana jitu moja linaitwa Ralph Sampson mwenye mita 2.24. Njiani wakitokea Japani wakasimama Hawaii kucheza na chuo kidogo kinaitwa Chaminade, chenye wanafunzi wasiofika elfu moja. Ilikuwa mechi ya nje ya ligi, ya kupumzikia safari. Chaminade wakashinda 77 kwa 72! Kwenye zile hesabu za Machi mechi ile haikubadilisha makubwa, ila miaka zaidi ya 40 imepita na watu bado wanaisimulia. Hivi fikirieni siku ile Chaminade wangetafutiwa sekondari ya jirani, "ya kuwapa moyo." Nani angewajua leo?

Sasa turudi nyumbani. Niwasimulie ya mwaka jana, manake wengi wenu mlikuja kutushangilia mkaondoka mnashangaa.

Mwaka jana wadada tulicheza mechi tatu za kirafiki. Zote na sekondari. Zote tulishinda, moja kwa tofauti ya pointi 31. Tukapiga picha, tukapostiwa, tukaitwa majina makubwa makubwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulitia pipa zima. Mazoezini watu wakaanza kuchelewa, pasi zikawa za mbwembwe.

Siku ya kwanza ya mashindano tukakutana na timu moja, sura zao za kawaida tu, wengine wafupi kuliko mie. Filimbi ikalia. Wakatufunga kikapu cha kwanza, tukachukua mpira chini ya ringi yetu kuanza upya... na hawakurudi nyuma! Walibaki pale pale, wote watano, kila mmoja kamshika mtu wake. Presi ya uwanja mzima. Sisi tulikuwa tumezoea kutembea na mpira mpaka katikati kama tunaenda sokoni Kilombero. Ghafla hakuna pa kupita. Sheria inakupa sekunde 8 kuvusha mpira nusu ya uwanja, na niwaambie, sekunde 8 ni nyingi sana ukiwa umekaa benchi na ni chache sana ukiwa na mpira mkononi na dada wawili wamekuzingira kama nyuki.

Robo ya kwanza, dakika 10, ikaisha 22 kwa 4. Mie nikaingiziwa robo ya pili, nikapoteza mpira mara tatu kabla sijagusa nusu ya pili ya uwanja. Kocha anapiga kelele, "Vunjeni presi! Vunjeni presi!" Tunaivunjaje sasa? Hakuna aliyewahi kutubana hivyo. Mazoezini tulikuwa tunajaribu wenyewe kwa wenyewe, lakini ukibanwa na rafiki yako ambaye amechoka na anawaza makande ya jioni, hiyo siyo presi.

Baada ya mechi kuna mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alijifungia chooni akalia. Nilipoenda kumtoa akaniuliza swali moja tu, "Dada, kwa nini hatukujua?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake siku ile. Leo ninalo. Hatukujua kwa sababu tulijipangia kutojua.

Wote humu tumefanya mock, siyo? Mnaikumbuka mock ya kidato cha nne? Ile ya mkoa? Mie nilipata F ya Hisabati, nikakaa chini ya mti nikaona maisha yameisha. Lakini ile F ndiyo iliyonionyesha kwamba logarithimu sizijui na maumbo siyajui, nikapata miezi ya kuhangaika nayo kabla ya mtihani wa taifa. Hakuna mwajiri hata mmoja duniani aliyewahi kumwuliza mtu alipata ngapi kwenye mock. Faida ya mock ni kwamba unafeli bure! Sasa imagineni mwalimu mkuu anasema, "Wanangu, mwaka huu mock yenu tumechukua ya darasa la saba, ya kuwapa moyo." Mngefaulu wote. Mngeshangilia. Na Novemba mngelia.

Mechi ya kirafiki ni mock. Mwisho wa habari.

"Sasa si ndiyo maana wakaka wanapelekwa Nairobi?" mtaniuliza. "Si ndiyo mock ngumu hiyo?" Subirini kwanza, hapo pia nina neno. Na hapa naomba ninyi wa vitivo vingine mtuvumilie, sisi wa Elimu tunamtaja babu yetu Vygotsky.

Lev Vygotsky alikuwa Mrusi, alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, na kila mwanafunzi wa Elimu amemmeza usiku wa kuamkia UE. Anasema hivi kwa lugha ya mtaani. Kuna mambo mwanafunzi anayaweza mwenyewe. Kuna mambo hawezi hata umsaidieje. Katikati kuna eneo dogo, mambo ambayo peke yake hawezi ila akiwa na mtu aliyemzidi kidogo anaweza. Kujifunza kunatokea HAPO. Ukimpa mtoto anachokiweza tayari, unamchosha. Ukimpa kilicho mbali mno, anakariri au anakata tamaa.

Ile timu ya Nairobi inacheza ligi moja na watu kama Ulinzi Warriors, ambao ni wanajeshi, na KPA wa bandari ya Mombasa. Wakenya wamefanya jambo la maana sana, vyuo kama Strathmore na USIU havisubiri mashindano ya vyuo tu, vinaingia ligi kuu na kupambana na watu wazima wenye mishahara. Wadada wao vilevile. Hata Dar es Salaam UDSM Outsiders wapo kwenye ligi ya mkoa na klabu za mjini. Nawavulia kofia wote. Ila hawakuamka asubuhi moja wakaruka kutoka sekondari ya jirani mpaka kwa wanajeshi. Walipanda ngazi.

Wakaka zetu wakienda kule kesho watafungwa 60, labda 70. Najua mtasema mie ni mchawi. Ukifungwa 70 hujifunzi kitu, unaangalia saa tu na kuomba iishe. Hutajua kama tatizo ni pasi au ni ulinzi au ni pumzi, kwa sababu tatizo ni kila kitu.

Tena tunaishi chini ya mlima ambao unatufundisha hili bure kila asubuhi ukifungua dirisha. Waongozaji wengi wa hapa Arusha, mgeni akiwaambia anataka Kilimanjaro na ana siku za kutosha, wanamshauri aanze na Meru. Meru ina zaidi ya mita 4,500, Kilimanjaro 5,895. Analala Miriakamba, analala Saddle, kichwa kinamuuma kidogo, mwili unazoea hewa nyepesi, halafu ndipo anakwenda kwa mkubwa. Hawamwanzishii kilima cha Themi, kile hakimfundishi kitu. Na hawamtupi kileleni moja kwa moja, ataumwa. Anapewa mlima unaomuumiza kiasi cha kumfundisha. Orodha yetu mwaka huu ni kilima cha Themi mara mbili halafu Uhuru Peak. Na wadada tumeachwa pale pale Themi tunapiga picha.

Sasa najua yatakayosemwa Jumatano, manake yameshaanza kusemwa kantini. Nijibu moja moja.

La kwanza, "Tukifungwa kwenye kirafiki, morali inashuka." Jamani, mwaka jana tuliingia na morali imejaa mpaka inamwagika. Ilidumu dakika nne. Morali ya kweli inatoka kwenye kujua kwamba hili limewahi kunikuta na nikatoka. Halafu kuna tofauti ya kufungwa 12 na timu iliyokuzidi kidogo, wiki tatu baadaye mkarudiana ukafungwa 5. Hapo morali inapanda na matokeo ni kufungwa mara mbili!

La pili, "Safari ya Nairobi inaitangaza chuo." Kweli, na mie napenda safari, nani hapendi? Lakini tupige hesabu hadharani. Mfuko wa timu una shilingi 1,600,000, michango yetu pamoja na ile ya serikali ya wanafunzi. Nairobi ni kama kilomita 270, Coaster kwenda na kurudi, hati za kusafiria kwa wasiokuwa na pasipoti, kula na kulala, imepigiwa 1,400,000. Inabaki laki 2. Ndiyo maana wadada tuna mechi moja ya kwenda kwa miguu! Hakuna aliyekaa akasema tuwaonee wadada. Pesa iliisha tu kabla hawajatufikia, na sisi huwa ndiyo tunaofikiwa mwisho. Hiyo nayo ni tabia, hata kama haina mtu wa kulaumiwa.

La tatu, hili liliniuma, lilisemwa na kaka mmoja ninayemheshimu sana. "Wadada bado hawajawa tayari kwa timu ngumu, tusiwaaibishe." Kaka yangu, nakuelewa, unasema kwa upendo. Lakini kumtafutia mtu mpinzani rahisi kila mwaka ni kumdharau kwa upole. Tutakuwa tayari lini kama hatukutani na kinachotuweka tayari? Mtoto haachishwi maji mpaka ajue kuogelea. Na aibu tumeshaipata, 22 kwa 4, mbele ya vyuo vyote. Kama ni kuaibika, afadhali tuaibike siku ya Jumanne jioni mbele ya watu 15 na mbwa mmoja, kwenye uwanja wa saruji usio na ubao wa matokeo.

Basi mapendekezo yangu haya hapa, msije mkasema nalalamika tu.

1. Tuahirishe Nairobi mwaka huu. Siyo kuifuta, tuiweke mwakani baada ya kupanda ngazi.

2. Tucheze mechi tatu hapa hapa mjini, na klabu za mtaa, timu za askari, na wale maveterani wanaocheza jioni. Msiwadharau wenye vitambi! Mtu aliyecheza kikapu miaka 20 hakimbii, ila anajua pa kusimama, na atakufundisha kutumia mwili bila kufanya faulo. Nauli za vifodi, maji na posho ya refa, laki 3 zinatosha.

3. Twende Moshi mara mbili. Kilomita 80 tu, unaenda asubuhi unarudi jioni. Coaster MOJA, wachezaji 12 wa kiume na 12 wa kike, wote tunaenea. Laki 4 na nusu kwa safari, jumla laki 9. Wapinzani wale wale mara zote mbili, zikiwa zimepishana wiki tatu, ili tujipime kwelikweli. Zinabaki laki 4 za mipira na nyavu.

4. Kila mpinzani achaguliwe kwa sababu. Tuandike kwenye orodha, huyu anabana uwanja mzima, huyu ana senta mrefu, huyu anakimbia sana. Tukikosa sababu ya kuandika, tusicheze naye.

5. Baada ya mechi tusiangalie matokeo kwanza. Tuhesabu mipira tuliyopoteza, ribaundi tulizoachia na mara ngapi sekunde 8 zimetuishia. Mie niko benchi muda mwingi, kalamu na daftari nitashika mwenyewe, sina kazi nyingine, teh teh.

6. Wadada na wakaka tuwe na idadi sawa ya mechi. Hapo sina maelezo ya ziada.

Na zile sekondari? Nao tucheze nao, ila tubadilishe mtazamo. Tukienda kule sisi ndio mlima Meru wao. Twende kuwafundisha, tukae nao baada ya mechi, tuwaonyeshe. Sisi si walimu watarajiwa?

Hapo ndipo penyewe hasa, wadau, na ndiyo sababu nimeshindwa kulala na hili jambo. Dada kapteni wetu yuko mwaka wa tatu. Haya ndiyo mashindano yake ya mwisho. Akimaliza anaweza kupangiwa shule yoyote, Kiteto, Ngorongoro, Tunduru, atakuta ringi moja isiyo na wavu na wasichana 20 wanaotaka kwenda UMISSETA. Watamwuliza wafanye nini wakibanwa. Mimi na wengi wetu tutamfuata mwaka mmoja au miwili baadaye. Mwalimu ambaye hajawahi kuvunja presi atamfundisha nani kuivunja? Tutawapeleka watoto wa watu kwenye dakika 10 za 22 kwa 4, na mmoja atajifungia chooni na kuuliza swali lile lile la mdogo wetu. Sitaki niulizwe mara ya pili.

Kwa hiyo Jumatano njooni, hata msiocheza. Saa 10 jioni, darasa lile la kona. Mheshimiwa Waziri, kama unasoma hapa (najua unasoma, rumeti wako kanitonya), sikugombezi, naomba tu tukae na kalamu tuipange upya hiyo karatasi. Na aliyeandika "ya kuwapa moyo," moyo tunao. Tupeni wa kutufunga.

Haya, kwa leo naishia hapa, kesho asubuhi nina test ya Saikolojia ya Elimu na nimeshamtumia Vygotsky wote kwenu, sijui nimebakiza nini. Tupieni maoni hapo chini, hata wa kunipinga mnakaribishwa, ila mje na hesabu zenu.

Usiku mwema kutoka Kijenge Juu, betri imebaki asilimia 9.